Gari la mzee

BABA TUMAINI: Familia habari za jioni. Mama shikamoo, mjomba shikamoo.
Bima ya gari alilotuachia marehemu mzee inaisha mwisho wa mwezi, na kodi yake ya mwaka inafuata wiki mbili baadaye. Za gari letu la kila siku nimetoka kulipa juzi tu. Sitaki kuliuza, hilo mlijue kabla ya yote. Lakini nimekaa na kalamu tangu jana, hesabu hazikubali.

MAMA: Marahaba baba.

MJOMBA: Marahaba mpwa wangu.

BAKARI: Kaka lile si la wikiendi tu? Siku tano limelala, bima si inashuka mpaka nusu

BABA TUMAINI: Nilidhani hivyo hivyo. Wakala ananiambia punguzo ni dogo. Na kodi ndiyo kabisa, haiulizi limetembea au limelala.

MJOMBA: Bakari, ukimgonga mtu Jumamosi moja, kampuni inalipa sawasawa na ungemgonga ukiwa dereva wa kila siku. Na hata likiwa limesimama, moto upo, wezi wapo, mti unaanguka. Kutembea kidogo kunapunguza hatari, hakuiondoi. Kuna kampuni zinazokubali bima ya kilomita: unaahidi hutapita idadi fulani kwa mwaka, ada inapungua. Ila mpaka uulize mwenyewe. Mimi nimeuza bima miaka mingi, wengi walilipa zaidi kwa sababu tu hawakuuliza.

DADA REHEMA: Na mtu akisema gari halitoki kabisa miezi fulani?

MJOMBA: Inategemea nchi. Ujerumani wanayo namba ya gari ya msimu, unachagua kuanzia miezi 2 hadi 11, kodi na bima unalipia miezi hiyo tu. Lakini miezi iliyobaki gari haligusi barabara, hata ya hapo nje. Tuulize kama kwetu kuna kitu cha namna hiyo kabla hatujapanga lolote.

MAMA TUMAINI: Naomba niseme nami maana daftari la matumizi ninalo mimi. Tangu baba atutoke ni miezi 8, gari limetoka mara 11. Kwa mwendo huo mwaka mzima ni mara 16 au 17. Chukua kodi, bima, betri tuliyonunua na fundi wa breki, gawa kwa 17. Kila safari moja inatugharimu kuliko kukodi gari siku nzima. Sisemi liuzwe. Nasema tujue tunalipia nini.

DADA REHEMA: Wifi hesabu yako ni ya kweli. Ila mimi sioni kama tunalipia safari.

MAMA TUMAINI: Najua dada. Na mimi nilipanda lile gari siku ya harusi yangu.

MJOMBA: Subirini kidogo. Bima iliyopo sasa ina jina la nani?

BABA TUMAINI: La mzee. Aliikata mwenyewe kabla hajaugua.

MJOMBA: Na kadi ya gari?

BABA TUMAINI: La mzee pia.

MJOMBA: Umelitoa mara 11 kwa bima ya marehemu?

BABA TUMAINI: Mjomba sikujua kama ni tatizo. Ada ilikuwa imelipwa mwaka mzima.

MJOMBA: Ada imelipwa, lakini aliyewekeana mkataba na kampuni hayupo. Wengine wanaruhusu iendelee kwa muda ikiwa wameambiwa, wengine hapana. Wewe hukuwaambia. Siku ya ajali swali la kwanza ni nani mwenye gari na nani aliyekuwa anaendesha. Wakikataa, hospitali ya huyo uliyemgonga unailipa wewe, na nyumba yako inaweza kwenda. Tafadhali gari lisitoke tena mpaka hili liishe. Hata kwenda kujaza upepo.

BABA TUMAINI: Nimekuelewa mjomba. Halitoki.

BAKARI: Basi si tuandike jina la mama? Mtu mzima, hana ajali hata moja, bima yake itakuwa rahisi. Mimi na kaka tunaendesha tu

MJOMBA: Hapana mwanangu. Mama yako haendeshi. Kumwandika kuwa dereva mkuu wakati dereva ni wewe mwenye leseni ya mwaka mmoja ni kudanganya kampuni, na fomu ile mtu anatia sahihi. Ikija kugundulika wanafuta bima, na kila kampuni utakayoiendea baadaye itakuuliza kama umewahi kufutiwa. Bora ulipe zaidi ukiwa umeandikwa jina lako.

BAKARI: Sawa mjomba. Nisamehe mama

MAMA: Hujakosa kitu. Hukujua.

DADA REHEMA: Tukishamaliza mirathi, gari liandikwe jina la kaka. Mimi sina pingamizi, nitatia sahihi. Sasa bima kubwa au ndogo?

MJOMBA: Hapo ndipo penye fedha. Kwa bima kubwa ya kawaida, gari likiharibika kabisa unalipwa thamani yake ya sokoni siku ile. Gari la umri ule sokoni ni kitu kidogo sana. Na kuna kiasi cha kwanza cha hasara unachobeba mwenyewe. Ukitoa hicho, kinachobaki hakifiki mbali.
Ndogo, ya mtu wa tatu, inamlipa uliyemuumiza tu. Gari lako halihusiki.
Katikati kuna ile ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi. Kwa gari linalolala siku nyingi mimi ningeanzia hapo.

DADA REHEMA: Lakini mjomba, thamani ya sokoni haijui kuwa injini ile baba aliifungua kwa mikono yake.

MJOMBA: Haijui. Ipo bima ya thamani ya makubaliano: mthamini anakuja, picha zinapigwa, mnaandikiana kiasi mapema. Ni ghali kidogo. Ulizia zote mbili siku moja. Na magari yote mawili yapeleke kwa kampuni moja, uombe bei ya pamoja. Punguzo lako la kutodai, lile unalopewa kwa kukaa bila kudai fidia, kwa kawaida linakaa kwenye gari moja, usidhani litafuata la pili lenyewe.

BABA TUMAINI: Naandika.

MAMA TUMAINI: Na tusilipe kwa awamu kwao kama wanaongeza riba. Tuweke sisi wenyewe kila mwezi sehemu moja ya kumi na mbili, pembeni, isiguswe. Mwaka huu ndio mgumu kwa sababu hatukuweka.

DADA REHEMA: Kodi ya mwaka huu naibeba mimi.

BAKARI: Mimi sina nyingi ila kila Jumapili nitakuja kulisukuma mbele na nyuma hapo uani matairi yasilale upande mmoja. Na waya wa betri nitauchomoa leo

BABA TUMAINI: Asanteni. Kweli asanteni. Kwa hiyo: umiliki kwanza, kisha bima, na tunajipa mwaka mmoja. Tukifika mwakani halijatoka hata mara 20, tunakaa tena na hilo daftari. Mama, wewe unasemaje? Ni gari la mumeo.

MAMA: Baba yenu alilipenda kwa sababu lilimfikisha kwenu. Msilitunze kwa ajili yangu mkakosa ada ya mtoto. Mkiweza, litunzeni.
Kadi ya gari ipo kwenye bahasha ya kaki, sandukuni kwangu, chini ya shati lake la buluu. Njoo uichukue mchana, asubuhi nina kliniki.