Kula kwenye migahawa ya Kituruki Istanbul: tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za majukumu. Watu wanaokwenda kufunga mzigo wa nguo Laleli, Osmanbey na Merter ni wengi, na swali la chakula halikauki: uingie wapi, uagizeje, na kwa nini meza mbili zilizokula vinavyofanana zinapewa bili zilizopishana mbali. Wenye ujuzi mwageni hapa. Tuachane na "nilienda nikala nikashiba", tupeane vitu vya kutumia.

Kasha la Mzigo

Anza kwa kujua umeingia mlango gani. *Lokanta* ni ya chakula kilichokwisha kupikwa, kiko kwenye masinia yanayopashwa kwa mvuke nyuma ya kioo. *Kebapçı* na *ocakbaşı* ni nyama ya mkaa, inachomwa ukishaagiza. *Meyhane* ni ya samaki, visahani vidogo vidogo na pombe, na bili yake huwa nzito kuliko zote. Ukiwa na haraka ya kurudi dukani, lokanta ndiyo yako.

Kwenye lokanta hakuna haja ya kujua Kituruki. Nenda kwenye kioo, onyesha kwa kidole, keti. Wahi kati ya saa sita na saa nane mchana. Ikifika saa kumi vile vizuri vimekwisha na mchuzi uliobaki umekauka juu ya moto. Neno la kushika ni *az*, yaani kipimo kidogo. Ukisema "az kuru, az pilav" unapata maharage kidogo na wali kidogo, unabaki na nafasi ya kuongeza biringanya za nyama ya kusaga (*karnıyarık*). Bei ya az huwa juu kidogo ya nusu, kwa hiyo ukiagiza az mbili za kitu kilekile umejipiga mwenyewe.

Binti Forodhani

Naongezea hapo kwa Kasha. Wengi hulalamika wameletewa chakula cha baridi. Vyakula vyenye jina *zeytinyağlı* (maharage mabichi, atichoki, majani ya mzabibu yaliyojazwa wali) hupikwa kwa mafuta ya zeituni na kuliwa vikiwa vimepoa, ndivyo vilivyo. Ukiomba vipashwe, mafuta yanajitenga na ladha inaharibika. Mchuzi wa nyama ukija vuguvugu, huo rudisha bila aibu.

Mkate wa kwenye kikapu kwa kawaida haulipiwi na unaongezwa ukiisha. Maji yanalipiwa, hata yale ya kikombe kilichozibwa ambacho umekikuta mezani. Hujayafungua? Hayamo kwenye bili, hakikisha.

Mchoma Nyama

Mimi ni wa mkaa tu, nitakaa hapo.

Adana kebab ya kweli ni nyama ya kondoo na mafuta ya mkia, inakatwakatwa kwa *zırh*, kisu kikubwa kilichopinda ambacho mpishi anakiyumbisha kwa mikono miwili. Ndani ni pilipili nyekundu na chumvi. Kitunguu na kitunguu saumu havimo, wala yai la kushikizia. Chuma chake ni bapa na kipana, kwa sababu nyama hii haina kinachoishika zaidi ya mafuta yake na mkono ulioikanda. Mafuta yakiwa kidogo mno inakauka na kupasuka. Nyama ikiwa na joto kabla ya kufika motoni inateleza na kuanguka kwenye mkaa. Ndiyo maana mpishi makini huiacha kwenye baridi kwanza, kisha anaibandika kwenye chuma kwa vidole vilivyolowa maji. Angalia sahani ikija: ukiona alama za vidole, vibonde vidogo vilivyopangana, na chembe za nyama unazoweza kuzihesabu, kuna mtu amefanya kazi. Ikiwa laini kama soseji, imepita kwenye mashine.

Tazama pia mkate mwembamba. Mpishi huubonyeza juu ya nyama ikiwa motoni ili unywe mafuta, halafu unaletwa chini ya kebab. Usiuache, ndiyo nusu ya utamu.

Urfa ni ndugu yake asiye na ukali. Kama tumbo lako haligombani na pilipili chukua Adana, maana ukali wake kwa mtu aliyekulia pilipili mbuzi ni mdogo. Mwenye njaa anaagiza "bir buçuk", porsheni moja na nusu. Inatoka nafuu kuliko kuongeza ya pili baadaye, na inakuja yote ya moto.

Kasha la Mzigo

Mchoma Nyama, na döner, ile nyama inayozungushwa mbele ya moto kwenye chuma kilichosimama? Hapo ndipo wageni wengi wanapoliwa.

Mchoma Nyama

Soma ule mzigo wa nyama kwenye chuma kabla ya kusoma menyu. *Yaprak* ni vipande vya nyama vilivyopangwa, unaona tabaka na mafuta katikati. Ukiona gogo laini la rangi moja tangu juu hadi chini, hiyo ni ya kusaga. Menyu nyingi huandika gramu, kwa hiyo linganisha gramu, usilinganishe majina.

Döner nzuri huisha mchana. Mzigo uliobaki mnene usiku wa manane, moto umezimwa na kuwashwa tena, tena wa kuku, huo muachie mwenyewe. Nyama ya ndani inakaa vuguvugu kwa saa nyingi, na vuguvugu ndilo joto ambalo vijidudu wanalipenda.

*İskender* ni ya Bursa kwa asili: döner juu ya vipande vya mkate, mchuzi wa nyanya, mtindi pembeni, halafu mhudumu anakuja na kisufuria cha siagi ya moto anaimwaga mbele yako. Kula palepale, dakika kumi tu mkate unakuwa uji.

Mzee wa Supu

Vijana mmesahau asubuhi. Mtu wa pwani aliyezoea supu na chapati, Istanbul hatalala njaa. Tafuteni *çorbacı*. *Kelle paça* ni kichwa na makongoro, *işkembe* ni utumbo. Mezani kuna siki yenye vitunguu saumu: tia kijiko kimoja, koroga, onja, ndipo uongeze, maana mgeni akishamwaga vijiko vitatu hakuna kurudi. Asiyependa utumbo achukue *mercimek*, ya dengu nyekundu, akamulie limau.

Na kwa walio Laleli: vukeni hadi Kadınlar Pazarı, Fatih, ng'ambo ya lile daraja la maji la kale la Bozdoğan. Ni mwendo wa miguu. Pale watu wa Siirt wanauza *büryan*, kondoo aliyening'inizwa ndani ya shimo lenye makaa na kufunikwa. Hupimwa na kukatwa mbele yako juu ya mkate. Ombeni mapema, mchana ukisonga vinabaki vipande vikavu.

Mama Wawili

Ndugu zangu, samahani, swali la msingi: halali ipo? Na mtu wa peke yake anapataje kifungua kinywa? Naambiwa ile ya visahani ishirini hawamuuzii mmoja.

Binti Forodhani

Dada, nyama ya migahawa ya kawaida ni halali. Nguruwe ni adimu na huitwa *domuz*, ukiliona neno hilo umeshajua. Linaloweza kukusumbua ni pombe. Tafuta kibao cha *içkisiz*, maana yake haiuzwi humo. Lokanta nyingi za mtaani ni hivyo.

Ile ya visahani inaitwa *serpme kahvaltı*, bei ni ya kichwa na mara nyingi wanataka wawili kwenda juu. Peke yako omba *kahvaltı tabağı*, sahani moja iliyokusanya jibini, zeituni, yai, nyanya na matango, au *menemen*, mayai yaliyovurugwa na nyanya na pilipili hoho. Uliza kama chai ni *sınırsız*, bila kikomo, kabla ya kuagiza glasi ya nne. Ukiitaka nyepesi sema *açık*, nzito ni *demli*.

Kasha la Mzigo

Tufunge na samaki, maana Kumkapı iko chini tu ya Laleli na huko ndiko watu wanakotoka wameinama.

Samaki ni kwa kilo, na anapimwa kabla ya kuparwa, kichwa na matumbo ndani. Uliza bei ya kilo, mwambie apime mbele yako, kubalianeni jumla, ndipo aende motoni. Uliza pia kama ni wa kufugwa (*çiftlik*) au wa baharini (*deniz*), tofauti ya bei ni kubwa na kwenye sahani huwezi kuwatambua. Baridi ikiingia, *hamsi*, dagaa wa Bahari Nyeusi wa kukaanga, ndiye nafuu na ndiye mtamu.

Sinia la visahani likiletwa, kila utakachogusa kina bei. Kitu kikija bila kuitwa, kamba au ngisi au matunda, uliza maneno mawili: "ikram mı?" Akisema ndiyo, ni zawadi ya nyumba. Akisita, kirudishe.

Kodi ya KDV (VAT ya huko) imo tayari kwenye bei ya menyu. Ukiona imeongezwa chini ya bili, simama na uulize.

Mama Wawili

Ahsanteni. Na bakshishi?

Binti Forodhani

Meyhane na sehemu za kuhudumiwa vizuri, asilimia tano hadi kumi. Lokanta ukiacha chenji inatosha. Mashine za kadi nyingi hazina sehemu ya bakshishi, kwa hiyo tembea na noti ndogo za lira. Na kama mnataka *künefe*, kitamutamu cha tambi nyembamba na jibini, kiagizeni wakati nyama bado iko nusu sahani: kinachomwa upya kwa kila mteja, na jibini lake likipoa linakuwa mpira.