Buti nyeupe za Alaska bado ziko sandukuni: nimpe mpwa wangu?

Mzee wa Akio

Wakuu habari zenu. Naomba ushauri wa waliotumika katika jeshi la Marekani kule Alaska, hasa waliokaa Fort Wainwright, ile kambi ya Fairbanks.

Mtoto wa dada yangu amepangiwa huko na anaripoti Novemba. Juzi alinipigia simu: "Mjomba, baridi ya kule ikoje hasa?" Nikamwambia nitampigia baadaye, kwa sababu nilitaka kwanza kufungua sanduku langu. Humo nimehifadhi zile buti nyeupe za mpira tulizoziita viatu vya sungura, kwa ukubwa na weupe wake. Za jeshi nilizirudisha ghalani siku niliyoondoka. Hizi nilizinunua mwenyewe kwa askari aliyekuwa akihama, maana zilinikaa mguuni kuliko zote nilizowahi kupewa. Raba yake bado laini. Shida ni moja tu: kwenye kisigino cha kulia, juu kidogo ya soli, kuna ufa mwembamba wa urefu wa ukucha.

Nina maswali mawili. Ufa huo unazibika, au buti ndiyo imekwisha? Na kama mngepewa nusu saa ya kukaa na kijana huyu kabla hajapanda ndege, mngemwambia nini?

Kuhusu miguu mimi nina la kumwambia, maana lilinipata mwenyewe. Ilikuwa Februari 2010, mazoezini Donnelly, karibu na Delta Junction. Asubuhi ile kipimajoto kilisoma 40 chini ya sifuri, namba ambayo Selsiasi na Farenhaiti hukutana, kwa hiyo hakuna aliyeuliza ni kipimo gani. Tulifundishwa kuanza safari mtu akiwa anahisi baridi kidogo, kwa sababu mwendo wenyewe utampasha moto. Mimi sikutaka kuhisi baridi hata kidogo. Nilivaa soksi za sufu pea mbili, nikakaza kamba za buti mpaka mwisho, nikabaki na koti zito mwilini, kisha nikajifunga mkanda wa akio.

Kwa asiyeijua, akio ni sleji ya faibaglasi inayobeba kama kilo 90: hema, jiko, mitungi ya petroli, mashoka, chakula. Watatu wanaivuta kwa mikanda ya kiunoni, wa nne anabaki nyuma na kamba ili isiwafuate kwa kasi kwenye mteremko. Theluji ikifika magotini, hata kwenye baridi ile mgongo unatiririka jasho.

Tuliposimama, lile jasho likaanza kupoa. Nilianza kutetemeka mgongo, halafu mapaja. Miguu iliniuma sana, kisha ikaacha kuuma, na mimi nikashukuru nikidhani imepata joto. Hapa ndipo ninapotaka kijana anielewe vizuri: kule maumivu yakikatika yenyewe, hiyo si nafuu.

Hema la watu kumi lina pembe sita na mlingoti mmoja katikati. Lilipokwisha kusimama na jiko kuwaka, sajini wetu alipita kwa kila mtu kama desturi yake: vua buti, onyesha vidole. Nikamwambia mimi niko salama. Akajibu, "Sijakuuliza," akanivua soksi kwa mikono yake. Kidole gumba cha mguu wa kushoto na cha pili yake vilikuwa vyeupe kama nta ya mshumaa. Alivibonyeza, sikuhisi kitu. Akafungua zipu ya koti, akafungua ya ndani, akapandisha fulana, akaweka wayo wangu kwenye ngozi ya tumbo lake na kuufunika. Nilimwona akibana meno. Hakusema neno lolote. Kwa muda nilikuwa naona tu mguu wangu ukipanda na kushuka na pumzi zake, kama mguu wa mtu mwingine. Kisha vidole vikaanza kuwaka kama vimepakwa pilipili, machozi yakanitoka, naye akasema, "Sasa ndiyo."

Vidole vyote ninavyo. Nisaidieni kuhusu hiyo buti.

Tabibu wa Platuni

Kaka, pole kwa vidole na hongera kwa kuwa navyo. Nilikuwa mhudumu wa afya wa platuni hukohuko Wainwright, nimeshika miguu mingi sana ya watu.

Tuanze na ufa. Buti ile ina kuta mbili za mpira, na katikati yake kuna sufu nzito iliyofungiwa na hewa. Joto lote liko kwenye sufu hiyo kavu. Jasho la mguu haliifikii, na theluji ya nje haiifikii. Ufa ukishapita ukuta mmoja, maji yanaingia kwenye sufu na hayatoki tena, na hapo mtu anakuwa amevaa ndoo mguuni. Fanya hivi: zamisha kisigino ndani ya beseni la maji, fungua valvu, pulizia hewa polepole, angalia mapovu. Yasipotoka, ufa ni wa juu juu. Yakitoka, usimpe kijana.

Na hiyo valvu umweleze matumizi yake, kwa sababu nimekuta askari wazima wanadhani ni ya kujaza upepo ili buti ipate joto zaidi. Si hivyo. Ni ya ndege. Ukipanda angani inafunguliwa ili hewa iliyofungiwa isivimbe na kupasua mpira. Ukishuka chini unaifunga, na inabaki imefungwa.

Kosa lako la soksi pea mbili ndilo nililoliona kuliko yote. Mtu anaongeza soksi, buti inabana, damu haifiki vidoleni. Pea moja inatosha, na kamba ziwe na nafasi. Halafu zile buti hazipumui kabisa, mguu unashinda kwenye unyevu wake mwenyewe. Ni unyevu wa joto, ndiyo, lakini ngozi ikilowa siku mbili inakuwa nyeupe yenye mikunjo na kuanza kubanduka. Soksi zibadilishwe asubuhi na jioni, miguu ikaushwe, iliyolowa ining'inizwe juu ya jiko kwenye kamba za hema.

Jambo la mwisho kwangu ni uso. Mtu haoni pua yake ikibadilika rangi. Tulikuwa tunatembea wawili wawili, kila mara unamgeukia mwenzako unamtazama mashavu, pua na masikio. Ukiona doa jeupe, unavua glavu na kuliwekea kiganja chenye joto. Usisugue. Na theluji usiiguse kabisa kwenye jeraha hilo, kuna watu bado wanaamini hiyo ni dawa.

Fundi wa Bunduki

Nakubaliana na dada hapo juu. Mimi niongeze ya vyombo, maana ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Kijana atataka kulala na bunduki yake ndani ya hema. Aiache nje, chini ya ulinzi, iwe na baridi ileile ya nje. Chuma baridi kikiingia kwenye joto kinatokwa na unyevu kila sehemu, hata ndani ya mtutu na kwenye kibonyezo cha risasi. Asubuhi akitoka nao nje unaganda, na bunduki haisogei hata kidogo. Mafuta ya kawaida nayo yanakuwa mazito. Yapo maalumu ya baridi kali, na hata hayo yapakwe kidogo sana.

Betri za redio na kurunzi zikae mfukoni karibu na mwili. Chupa ya maji igeuzwe kichwa chini, kwa sababu barafu huanza kujijenga juu. Ukija kuigeuza, mdomo bado uko wazi.

Ila kinachonisumbua mpaka leo ni petroli. Kwenye digrii 40 chini ya sifuri petroli haigandi. Inabaki maji, na ina baridi ileile ya hewa. Ikikumwagikia mkononi inapeperuka papo hapo na kuondoka na joto la ngozi. Nilikuwa najaza mtungi wa lile jiko la hema, lile linalodondoshewa mafuta kwa mpira kutoka kwenye mtungi wa nje. Nilivaa glavu nyembamba kwa sababu zile nene zilinizuia kushika kifuniko. Ilimwagika kiasi cha kijiko tu. Malengelenge yalinitoka vidole vitatu, na hadi leo nikishika glasi ya maji baridi navisikia. Mwambie avae glavu za mafuta, hata kama wenzake wanamharakisha. Mimi niliharakishwa.

Na jiko likiwaka, lazima mtu mmoja awe macho. Zamu ile asiichukulie kama adhabu.

Buti Nyeusi

Mimi sikufika Alaska. Nilitumika Korea Kusini, na sisi tulikuwa na ndugu zake hizo, buti nyeusi zinazoitwa Mickey Mouse. Hazifiki kwenye baridi ya nyeupe, lakini kazi yake ni ileile.

Mzee mmoja aliyetufundisha alitueleza chanzo chake, nikaja kukisoma mwenyewe. Majira ya baridi ya mwaka 1950, Novemba na Desemba, wanajeshi wa Marekani walipigana Chosin, kaskazini mwa Korea, wakiwa na buti za mpira chini na ngozi juu. Mtu akipanda mlima mguu unaloa jasho, akilala kwenye handaki jasho linaganda ndani ya buti hiyohiyo. Wengi waliharibikiwa na miguu bila kuguswa na risasi. Baada ya hapo ndipo zilipoletwa hizi zenye sufu iliyofungiwa ndani ya mpira. Mzee wa Akio, unaposema jasho lilipoa na mguu ukaganda ulipopumzika, unasimulia habari yao neno kwa neno.

Polar22

Shikamooni wakubwa zangu. Nimetoka Wainwright hivi karibuni. Tangu Juni 2022 vikosi vya kule viko chini ya divisheni ya 11th Airborne, kwa hiyo mpwa wako atavaa beji ya mabawa yenye neno Arctic juu yake.

Vifaa atapewa vyote: mfumo wa tabaka saba, kuanzia nguo nyepesi ya ndani hadi lile koti kubwa la mwisho, pamoja na buti. Hahitaji kununua. Anachohitaji ni kujua kuvua. Lile koti kubwa ni la kusimama, kwenye lindo au mapumziko. Ukitembea, lirudi kwenye begi. Mimi wiki ya kwanza sikulivua, na yaliyompata Mzee wa Akio mgongoni yalinipata.

Mjomba, mwambie pia kuhusu giza. Katikati ya Desemba jua la Fairbanks halikai hata muda wa saa nne kwa siku, nalo linapita chini kabisa, kama linaogopa kupanda. Unaenda kazini gizani, unarudi gizani. Nilishindwa kulala, nikawa mzito wa kila kitu, nikadhani ni uvivu wangu. Aende kwa tabibu mapema, asisubiri Februari kama nilivyosubiri mimi. Gari akiwa nalo alichomeke kwenye umeme usiku ili injini ibaki na joto, la sivyo haiwaki.

Mzee wa Akio

Asanteni sana, dada, wakuu, na wewe Polar22, marahaba.

Nimeizamisha ile buti leo asubuhi. Mara ya kwanza sikuona kitu. Nilipokunja kisigino kwa mkono, mapovu yakatoka, madogo madogo, mfululizo. Basi imekwisha. Sitaitupa, lakini mguuni kwa kijana haitaingia.

Nimemwandalia soksi za sufu pea nane, na ile kamba ya shingoni ya glavu kubwa. Kamba hiyo sikuitaja na nilipaswa. Zile glavu za kidole gumba pekee, zenye manyoya mgongoni mwa mkono, zinaunganishwa kwa kamba inayopita shingoni. Ukizivua kufanya kazi zinaning'inia kifuani. Ukiziweka chini upepo unazichukua, na kule ukipoteza glavu umepoteza mkono. Manyoya yale ni ya kupashia pua na mashavu joto, ndiyo maana yamewekwa upande ule. Nataka azivue na kuzivaa mbele yangu mara ishirini, gizani, mpaka mikono izoee.

Yale ya petroli na ya giza nimeyaandika kwenye karatasi, nitamsomea kama yalivyo.

Maandishi yenu yamenifanya nimtafute sajini wangu. Namba niliipata kwa rafiki tuliyelala naye hema moja. Ameshazeeka, sauti imekuwa nzito. Nilijitambulisha kwa jina na platuni, nikasubiri kama atanikumbuka. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mguu wa kushoto. Vidole vinahisi?"

Nikamjibu vinahisi.