MREJESHO: Slaidi 34 kwa dakika 10, utafiti wa sumukuvu

Wakuu, nimerudi. Niliwaomba msaada baada ya msimamizi kurudisha ikisiri (muhtasari) ya utafiti wangu wa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu (aflatoksini) kwenye mahindi, akisema haieleweki, nikiwa na slaidi 34 za kuwasilisha kwa dakika 10.

Aliyesema nianze na jibu, Mungu akubariki sana. Niliandika "tofauti ya kitakwimu ilibainika baina ya mbinu za ukaushaji". Sasa inasomeka: "Mahindi yaliyoanikwa juu ya turubai yalikuwa na sumukuvu kidogo kuliko yaliyoanikwa chini kwenye udongo." Ikisiri imepita!

Slaidi zimebaki 9. Lile jedwali refu nililitoa, nikaweka grafu moja yenye mstari mwekundu kwenye mikrogramu 10 kwa kilo, kikomo cha sumukuvu hii kwenye mahindi kwa viwango vya Afrika Mashariki. Ukumbi mzima uliangalia ule mstari. Pia nilifanya mazoezi ya kuwasilisha mbele ya dada yangu, mfanyabiashara wa nafaka, na kila alipouliza "maana yake?" nilibadilisha neno.

Maswali yalinishinda kidogo, hasa la ukubwa wa sampuli. Na sura ya mjadala imerudishwa, nimerudia matokeo badala ya kuyaeleza. Ndiyo ninayoiandika upya wiki hii.

Asanteni sana, wakuu.