Kompyuta ya sekretariati inaishia kwenye skrini ya buluu tangu delestaji: je, ni lazima kufomati?

Sekretari wa Kadutu (Bukavu)

Ndugu zangu, ninawasalimu nyote. Ninaendesha sekretariati ndogo hapa Kadutu, ambako wanafunzi huja kuchapisha TFC na kazi nyingine za mwisho wa masomo, na kompyuta yetu ya mezani haiwaki ipasavyo tangu delestaji ndefu (kukatwa kwa umeme) ya wiki iliyopita. Nikibonyeza kitufe, taa inawaka na feni inazunguka, kisha inatokea skrini nyeusi yenye ujumbe kwamba saa na tarehe havikupangwa, ikinitaka nibonyeze F1 ili niendelee. Nikiendelea, alama ya Windows 10 inaonekana kwa muda mfupi, halafu inakuja skrini ya buluu yenye maandishi INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, na kompyuta inajiwasha upya na kurudia yaleyale. Tarehe inayoonyeshwa ni ya mwaka 2013.

Fundi wa jirani amesema kwamba Windows imeharibika na kwamba dawa ni kufomati tu, yaani kufuta diski yote na kuweka Windows upya. Lakini ndani mna kazi za wanafunzi watakaotetea mwezi huu, na baadhi yao hawana nakala mahali pengine. Ninaomba mnisaidie: je, kuna jambo la kujaribu kabla ya kukubali hasara hiyo?

Fundi wa Nyawera (Bukavu)

Mama, pole sana. Tafadhali usimruhusu mtu yeyote kufomati kwa sasa, kwa sababu dalili ulizoeleza hazionyeshi kwamba diski imekufa. Tarehe iliyorudi nyuma ndiyo inayozungumza hapa.

Juu ya ubao mkuu wa kompyuta kuna betri ndogo ya duara, aina ya CR2032, yenye volti 3, ambayo kazi yake ni kuilinda saa pamoja na mipangilio ya BIOS (programu ndogo inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows) wakati umeme haupo. Kompyuta ikiwa imechomekwa ukutani, hata kama imezimwa, umeme mdogo wa volti 5 unaendelea kuingia na betri hiyo inapumzika. Ila sisi tunaokatiwa umeme kila mara, na tunaochomoa waya kila jioni kwa kuogopa umeme unaorudi kwa nguvu, tunaifanya betri ifanye kazi usiku na mchana, na ndiyo sababu huku inachoka mapema. Ikiisha, BIOS inasahau kila kitu na kurudia mipangilio ya kiwandani.

Sasa, kati ya mipangilio hiyo kuna namna ya kuwasiliana na diski, inayopatikana katika sehemu iliyoandikwa SATA. Kompyuta nyingi za ofisi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa kwenye namna iitwayo RAID, na aliyekuwekea Windows huenda alichagua nyingine, iitwayo AHCI. Namna hiyo ikibadilika ghafla, Windows inaanza kupakia, lakini inakosa dereva (programu ndogo) ya kuifikia diski yake yenyewe, na hapo inatoa maandishi yaleyale uliyoyanakili. Ingia katika BIOS, angalia palipoandikwa, na ukikuta RAID weka AHCI. Ukikuta AHCI, jaribu kinyume chake. Kubadili huko hakufuti faili hata moja.

Mkaazi wa Himbi (Goma)

Ninakubaliana na Papa Fundi kuhusu chanzo, ila mimi ningeanza na kazi za wanafunzi kabla ya kugusa kingine chochote. Mama, kwanza tega sikio karibu na diski wakati kompyuta inawaka: ukisikia inagonga tak-tak kwa kurudiarudia, zima mara moja na usiiwashe tena, kwa kuwa kila kuwasha kunaweza kuongeza uharibifu. Ikiwa iko kimya au inazunguka kwa sauti ya kawaida, tafuta mtu mwenye kompyuta nzima akutayarishie Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, kwenye flashi ya GB 4 au zaidi kwa programu ya Rufus, kisha uwashe kompyuta yako kutoka kwenye flashi hiyo. Linux itakuonyesha faili zako bila kuhitaji Windows. Usibofye mahali pa kuiweka kwenye diski. Chagua kuijaribu tu, na unakili kila kitu kwenye diski ya nje.

Jambo moja la kuangalia: ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya siri ya Windows, utaombwa ufunguo wa tarakimu 48, na bila huo hakuna atakayeisoma.

Mwana Katuba (Lubumbashi)

Kwa uzoefu wetu huku, vumbi la kiangazi linaingia kwenye nafasi za memori (RAM) na kuzuia kompyuta kuwaka. Toa memori, safisha meno yake kwa kifutio cha penseli, uirudishe.

Fundi wa Nyawera (Bukavu)

Ndugu wa Katuba, ushauri huo ni mzuri kwa kompyuta inayolia bip na kubaki bila picha. Memori mbovu hubadilisha makosa mara kwa mara. Hapa kosa ni lilelile kila safari, na picha inatokea. Ningeiacha memori mahali pake kwa sasa.

Sekretari wa Kadutu (Bukavu)

Asanteni sana, na Mungu awabariki. Diski ilikuwa haigongi, kwa hiyo nilianza na flashi ya Linux, na kazi zote za wanafunzi sasa ziko kwenye diski ya nje. Kijana anayetengeneza simu jirani yetu aliipima ile betri akakuta haifiki volti 2. Tulichomoa waya, tukaweka betri mpya, tukapanga saa, na kwenye SATA tulikuta RAID. Tulipoweka AHCI, Windows ilifunguka na kila kitu kiko mahali pake.

Papa Fundi, je, ninunue stabilizateri au ondulere?

Fundi wa Nyawera (Bukavu)

Nimefurahi kweli, Mama, hasa kwa ajili ya wanafunzi hao. Stabilizateri inasawazisha umeme unaopanda na kushuka, lakini umeme ukikatika inazimika pamoja na kompyuta. Ondulere ina betri ndani na inakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Kwa sekretariati ningechagua hiyo kwanza, na ningechomeka kompyuta na skrini tu, kamwe si printa ya leza, ambayo inavuta umeme mwingi inapopasha moto. Umeme ukirudi, subiri kidogo uone kama umetulia kabla ya kuwasha.

Leo jioni fungua dirisha la amri kwa haki za msimamizi na uandike chkdsk C: /f, ukubali ikague utakapowasha tena, kwa sababu kuzimika ghafla huacha makosa madogo kwenye diski. Kisha andika kwenye karatasi "SATA: AHCI" pamoja na tarehe ya betri mpya, na uibandike upande wa ndani wa kifuniko, ili fundi yeyote atakayekifungua baadaye aikute.