Naomba ushauri: makreti ya plastiki au maboksi ya kuhamia?

Habari zenu wakuu. Nahama mwisho wa mwezi, vyumba viwili na jiko, na nimekwama kwenye kufungasha.

Nilianza na maboksi. La vitabu nililijaza hadi juu. Kuliinua tu, kitako kikaachia, vitabu vyote miguuni, na selotepu nilikuwa nimepiga mara mbili! Makreti yenye vifuniko ni imara na hayaogopi mvua, ila ya kukodi yana siku ya kurudisha, nami kwa uvivu wa kufungua mizigo najijua. Nikiyanunua, baadaye nitayaweka wapi?

Mliowahi kuhama, naombeni msaada: nichanganye, makreti kwa vitabu na vyombo, maboksi kwa nguo? Na sahani ndani ya kreti, magazeti yanatosha kuzikinga?