Tupeane uzoefu: sisi wakazi tunauonaje Mji Mkongwe kama mji wa utalii wa utamaduni?

Assalamu alaykum, wanajamvi. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na kila anayewaeleza wageni huanza na milango ya nakshi akamalizia na Forodhani usiku. Sisi tunaoishi humo huulizwa kwa nadra. Naomba kila mmoja asimulie lililomkuta mwenyewe, siyo alilolisikia, nami naanza.

Nimekulia Kiponda, katika nyumba ya wakfu ambayo baraza yake imelainika kwa kukaliwa. Baraza ile ilikuwa na kazi yake: mwanamume asiye maharimu aliketi pale, akaletewa kahawa, na shughuli yake ikamalizika bila ya kuvuka kizingiti. Mwaka jana mama alikuwa akianika nguo uani, mlango ukiwa umerudishwa tu, wakatokea wageni sita na mtembezaji wao, wakapita sebuleni mpaka uani na kuanza kupiga picha, kwa kuwa walidhani ni makumbusho. Hodi haikupigwa. Mama alijitanda kanga yake vizuri, akawakaribisha, kisha akamwambia yule kijana kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hata mwizi huchungulia kwanza." Wageni siwalaumu. Kinachonikera ni kwamba mtembezaji anaweza kukutajia mlango ulichongwa zama za sultani gani, lakini hajui baraza iliyo mbele ya mlango huo imejengwa kwa ajili gani.

Mtembezaji, Malindi

Lawama naipokea kwa niaba ya wenzangu, ingawa ningeomba tusichanganywe na mapapasi, wanaomng'ang'ania mgeni tangu anaposhuka botini. Nimeifanya kazi hii miaka kumi na moja. Zamani nilianzia Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883. Tangu sehemu yake ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020 na kuua watu wawili waliokuwa kazini, naianza safari Ngome Kongwe na kulieleza jumba lile kwa mbali. Siku moja bibi mmoja wa makamo, mgeni, alinisikiliza kwa saa mbili nikisema "nyumba zetu" na "vichochoro vyetu", halafu akaniuliza mimi ninalala nyumba ipi. Ninalala Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe. Familia yetu ilihama Malindi nikiwa darasa la tano, na nyumba tuliyoihama sasa ina kaunta ya mapokezi pale palipokuwa na mtungi wa maji. Sikumwambia hayo, nilimwonyesha upande wa Darajani kwa mkono tukaendelea na safari.

Fundi chokaa

Nyinyi mnalalamika, mimi nitasema kinyume. Nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba, ndiyo maana chumba huwa kirefu lakini chembamba. Ukuta wa namna hii unahitaji kupumua. Ukiupiga lipu ya saruji, unyevu hukosa pa kutokea, ukabaki ndani ukiula ukuta taratibu, na baada ya misimu michache ya masika lipu hubanduka pamoja na mawe. Wakazi wengi wanalijua hilo, lakini saruji inapatikana kila duka na haitaki subira, wakati chokaa huchomwa, ikarowekwa na kungojewa. Miaka hii karibu kila kazi yangu ya chokaa imetoka kwa wenye hoteli, kwa sababu wageni wao wanataka kuuona ukuta wa kale. Bila ya wageni hao ningekuwa nimeshaacha ufundi huu, na wanafunzi wangu wawili wangekuwa wanaendesha bodaboda. Hata hivyo inanitatiza kuona kwamba nyumba zinazotunzwa vyema kuliko zote ndizo zisizo na mwenyeji anayelala ndani.

Mpiga fidla

Kwangu tofauti inaonekana katika taarab. Kikundi cha Ikhwani Safaa kimekuwapo tangu mwaka 1905, na muziki wenyewe una adabu zake: bashraf, yaani muziki wa ala tupu, hutangulia, wimbo ukaja bila ya haraka, na ubeti unapomgusa msikilizaji huinuka, akatembea kwa madaha na kumtunza mwimbaji kwa fedha. Arusini naweza kujua nani amenuniana na nani kwa kutazama tu anayeinuka ubeti gani. Katika hoteli moja ninayopiga, meneja alituomba kila wimbo usizidi dakika nne na bashraf tuiache. Wageni walipiga makofi kwa heshima, na hakuna aliyeinuka. Fedha nilipokea, na nitakwenda tena Jumamosi, maana kodi ya nyumba haisubiri. Wanaokuja Februari kwa ajili ya tamasha la muziki la Sauti za Busara ni afadhali, kwani hao wamekuja kusikiliza.

Mkazi wa Shangani

Mimi huulizwa jambo moja tu: nyumba ya mwimbaji Freddie Mercury iko wapi. Najibu. Sina kinyongo.

Mwanzisha mada

Ahsanteni. Mtembezaji, mama anasema njia yako ikipita Kiponda upige hodi, na wageni wako wakae barazani kwanza. Kahawa ipo, na suala la kuingia ndani ataliamua mwenyewe baada ya kuwatazama. Dada wa fidla, mama hukumbuka taarab za arusi tu na hajawahi kukanyaga hoteli yoyote ya mjini, ijapokuwa mbili zinapakana na ukuta wetu. Fundi, baraza yetu imepata ufa upande wa kushoto, na jirani ameshaleta mfuko wa saruji kwa nia njema. Nimeuweka chini ya ngazi. Tafadhali njoo Ijumaa baada ya sala uuangalie ufa huo kabla jirani hajauliza.