Naomba ushauri: kijito cha mlimani, nipange bomba kwa maji ya mwezi gani?

Habari za leo wakuu. Nipo Kigoma, kaskazini mwa mji, huku milima inakoshukia Ziwa Tanganyika. Tunataka kuvuta maji ya mserereko (yanayoshuka yenyewe bila pampu) kutoka kwenye kijito hadi kwenye bustani za mboga.

Masika si tatizo, Machi kijito kinanguruma na kuleta tope jekundu. Shida ni kiangazi. Mvua zikikatika Mei kinashuka polepole, na kufikia Septemba kinaishi kwa maji yanayovuja ardhini tu. Nimekuwa nikipima kwa ndoo ya lita 20 chini ya kipande cha bomba: asubuhi inajaa kwa sekunde 40 hivi, saa tisa alasiri inakaribia dakika nzima, jua kali na mvua hakuna. Nahisi miti ya kingoni ndiyo inayokunywa, na siko tayari kuikata.

Kwa wenye uzoefu: nichukue kipimo cha alasiri mwishoni mwa Septemba, au nisubiri Oktoba kabla mvua hazijaanza? Na kiasi gani niache kiendelee kushuka kwa wa chini, wanaochota na kufua?